Wanafunzi Waliopanda Ngazi: Nyumba za Wahamiaji katika Lower East Side ya New York

Mwezi wa Agosti mwaka 1896 hari iliushukia mji wa New York ikakaa yapata siku kumi pasipo kuondoka, na katika siku hizo walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wao vibarua na watoto wachanga waliokuwa wakiishi katika majumba ya kupangisha, na hasa yale ya upande wa mashariki wa kisiwa cha Manhattan, mtaa uitwao Lower East Side. Matofali ya majumba yale yalikuwa yakinywa jua mchana kutwa, na usiku ulipoingia yakalirudisha joto lile ndani ya vyumba ambavyo vingi havikuwa na dirisha hata moja la nje. Hata watu wakabeba magodoro yao wakapanda mapaani, wengine wakatandika juu ya ngazi za chuma zilizowekwa kwa ajili ya kukimbilia moto, na baadhi yao wakageuka usingizini, wakaanguka uani, wakaokotwa maiti. Theodore Roosevelt, ambaye siku zile alikuwa mkuu wa halmashauri ya polisi ya mji na bado hajawa rais wa Marekani, alisimamia ugawaji wa barafu bure kwa mafukara, na ni haki kumshukuru kwa hilo. Walakini barafu iliyeyuka kabla ya magharibi, na majumba yakabaki yalivyokuwa.

Siku hizi, panapotajwa nyumba zinazoweza kustahimili hari, gharika na tufani, na vijana wa vyuo vikuu wanaposikika wakidai kuwa nyumba hizo zijengwe katika mitaa ya wahamiaji kwa kodi ambayo fukara anaimudu, wako wanaodhani kuwa madai hayo yamezuka jana. Mtaa huu mmoja watosha kuonyesha kuwa sivyo. Kwa muda upatao miaka 130 wanafunzi wamekuwa wakipanda ngazi za majumba yake, wakiingia vyumbani, wakiuliza na kuhesabu. Na kama ningeulizwa nimejifunza nini katika habari zao, ningejibu kuwa mwanafunzi alipoingia, kitu cha kwanza kumshtua kilikuwa ukosefu wa hewa, ilhali mpangaji mwenyewe, aliyelala katika hewa ile kila siku, kitu kilichomnyima usingizi kilikuwa kodi ya mwisho wa mwezi. Madai haya mawili yalichukua muda mrefu mno kukutana.

Yafaa kwanza nieleze jumba lenyewe lilivyokuwa, kwa kuwa asiyelijua hawezi kuielewa ghadhabu iliyofuata. Viwanja vya mji ule vilikatwa upana wa futi 25 na urefu wa futi 100, na mwenye nyumba aliyetaka faida alijenga karibu kiwanja kizima, ghorofa tano au sita, kila ghorofa ikiwa na vyumba 14 vya jamaa nne. Mwaka 1879 sheria iliamuru kuwa kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalotazama mahali penye hewa, na katika mashindano yaliyotangazwa na jarida moja la mafundi wa mabomba, ramani iliyoshinda ilikuwa ya msanifu James E. Ware. Yeye alilibana jumba kiunoni pande zote mbili, ili majumba mawili yakisimama bega kwa bega ubano wa hili ukutane na ubano wa lile, patokee shimo la hewa baina yao toka chini mpaka paani. Katika karatasi lilikuwa wazo jema. Lakini ubano wa kila jumba ulikuwa inchi 28 tu, hata shimo zima halikufikia upana wa kimo cha mtu, nalo lilikwenda chini kama kisima, limezungukwa na kuta pande zote. Jua halikufika chini yake na upepo haukuwa na pa kuingilia. Wapangaji wa juu walimwaga takataka humo, kwa kuwa kushuka ngazi za ghorofa tano na debe la taka mkononi na mtoto kiunoni si kazi ndogo. Uvundo ukapanda mpaka madirishani, na watu wakayafunga madirisha yale yale yaliyoamriwa na sheria. Moto ulipotokea, shimo liligeuka dohani, likaupandisha moto kutoka ghorofa hii hata ile kwa dakika chache. Katika vyumba 14 vya kila ghorofa, vinne tu ndivyo vilivyopata mwanga na hewa ya barabarani au ya uani.

Waliojaa humo walikuwa wahamiaji: hapo kwanza Wairishi na Wajerumani, kisha, tangu miaka ya 1880, Mayahudi waliokimbia dhuluma za dola ya Urusi, na Waitalia wa kusini. Wengi walishona nguo humo humo walimolala, na pasi zao zilipata moto juu ya jiko la chumba kile kile, hata katika mwezi wa Agosti.

Fikra ya kwamba msomi ahamie mtaa wa mafukara akae nao ilitoka London. Huko, katika mtaa wa Whitechapel, kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua nyumba iliyoitwa Toynbee Hall, mkesha wa Krismasi ya mwaka 1884, ili vijana wa Oxford na Cambridge wakae miongoni mwa maskini, wawafundishe, na wao wenyewe wafundishwe. Mmarekani mmoja, Stanton Coit, aliyekuwa ametoka kumaliza masomo yake Berlin, alikaa hapo muda mfupi, na aliporudi New York mwaka 1886 alipanga vyumba katika Forsyth Street, akaanzisha jumuiya iliyokuja kuitwa University Settlement. Miaka mitatu baadaye mabinti waliohitimu Smith, Vassar, Wellesley na vyuo vingine vya wanawake walifungua nyumba yao wenyewe, namba 95 Rivington Street. Zama zile mwanamke wa New York hakuwa na haki ya kupiga kura, na msichana aliyesoma alitazamiwa kurudi kwao kungojea posa. Hawa walichagua kulala mahali ambapo watu wa tabaka lao hawakupita ila kwa haja, na mimi siwezi kuutaja uamuzi ule bila ya heshima.

Asubuhi moja ya mvua katika mwezi wa Machi 1893, Lillian Wald, muuguzi kijana aliyekuwa akisomea utabibu katika chuo cha wanawake, alikuwa akiwaonyesha kina mama wahamiaji jinsi ya kutandika kitanda cha mgonjwa, ndipo mtoto wa kike alipoingia darasani akilia kuwa mama yake hajiwezi. Wald akayakusanya mashuka ya somo, akamfuata mtoto. Walipita barabara iliyovunjika baina ya marundo ya taka, wakavuka ua wenye vyoo visivyo na stara, wakapanda ngazi zenye utelezi wa uchafu na matope mpaka jumba la nyuma, mwisho wa Ludlow Street. Jamaa ya watu saba ilikuwa ikiishi katika vyumba viwili, na juu ya hayo ilikuwa imepangisha nafasi ya kulala kwa wageni. Baba alikuwa kilema, na mama, aliyetoka kujifungua, alikuwa amelala juu ya kitanda kilicholowa damu ya siku mbili. Wald alimwosha, akambadilishia mashuka, akasafisha chumba, na alipoondoka walimbusu mikono. Asubuhi ile ndiyo iliyomtoa chuoni. Aliacha masomo ya utabibu, akakaa kwanza na mabinti wa Rivington Street, akaanza kazi ya kuwauguza watu majumbani mwao, na mwaka 1895 jumuiya yake ikapata nyumba namba 265 Henry Street, ambako ingalipo hata leo.

Ningependa msomaji aitazame tena ile nafasi ya kulala iliyopangishwa kwa wageni. Watu wengi wa zama zile waliusema msongamano kana kwamba ni tabia ya wahamiaji, kana kwamba wametoka nao kwao. Jamaa ile haikupenda kulala na wageni wakati mama anajifungua. Walikuwa wakiitafuta kodi, na mwili wa mgeni kando ya mwili wa mwenyeji ulikuwa ni senti kadhaa zilizokuwa zikipungua.

Kuona ni jambo moja, na kumwonyesha asiyeona ni jambo jingine, na katika hili la pili sijui wa kumlinganisha na Lawrence Veiller. Huyu alihitimu City College akiwa na miaka 18, nacho ni chuo cha mji kilichoanzishwa mwaka 1847 ili mtoto wa mtu asiye na mali asome bila ya ada. Alijitolea kuwahudumia maskini wa upande wa mashariki katika dhiki iliyoanza mwaka 1893, na katika kazi hiyo akayakinisha kuwa hakuna msaada utakaomfaa mtu ikiwa nyumba anayorejea jioni ndiyo inayomwua. Mwezi wa Februari 1900 alifungua maonyesho katika Fifth Avenue, barabara ya matajiri, akaleta picha, akaleta ramani ambazo juu yake kila jamaa iliyoomba sadaka na kila mgonjwa wa kifua kikuu aliwekewa kitone, hata mahali pengine vitone vikakaribiana kama mchanga. Lakini kitu kilichowasimamisha watu kilikuwa mfano wa mtaa mmoja halisi, ule uliozungukwa na Chrystie, Forsyth, Canal na Bayard, uliotengenezwa kwa karatasi ngumu, jumba kwa jumba, mashimo ya hewa na yote. Ndani ya mtaa ule mmoja mlikuwa na majumba 39, makazi 605, watu 2,781 na vyoo 264. Makazi 40 tu yalikuwa na maji ya moto, na bafu halikuwapo hata moja. Watu zaidi ya 10,000 walikuja kutazama kwa muda wa wiki mbili, na aliyehutubia alikuwa yule yule Roosevelt aliyegawa barafu, ambaye sasa alikuwa gavana wa jimbo.

Tume ikaundwa, Veiller akawa katibu wake, na mwezi wa Aprili 1901 ikapita sheria mpya: shimo la hewa likapigwa marufuku, pakaamriwa ua wa kweli, dirisha katika kila chumba, maji na choo ndani ya kila makazi, na idara ya wakaguzi wa kuhakikisha kuwa maneno ya karatasini yanatimia katika matofali. Nyumba zilizojengwa kwa sheria ile zingalimo mjini kwa maelfu, na watu wanakaa ndani yake. Hiyo ndiyo faida iliyoletwa na vijana wale, nayo si haba.

Walakini sheria ya 1901 haikusema neno juu ya kodi. Veiller mwenyewe hakutaka serikali ijenge nyumba za mafukara. Aliamini kuwa mwenye nyumba akilazimishwa kujenga vizuri, yaliyosalia yatajitengeneza. Hayakujitengeneza. Wenye nyumba waliijua thamani ya dirisha, wakalitoza; na mwaka 1904 wanawake wa mtaa ule, waliokuwa wakipandishiwa kodi mara kwa mara, walilichukua neno la viwandani, mgomo, wakaliingiza majumbani. Walipita mlango kwa mlango, wakakubaliana kutolipa. Mgomo mkubwa zaidi ulikuja katika baridi ya 1907 kuingia 1908, nao uliongozwa na Pauline Newman, msichana mhamiaji kutoka Lithuania, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo tangu utotoni, ambaye hakupata chuo chochote ila kujisomea baada ya kazi. Yeye na wasichana wenzake waliwapata kina mama waliokuwa nyumbani mchana, kina mama wakawapata jirani zao, na jamaa zipatazo 10,000 zikagoma. Kiasi cha 2,000 zikapunguziwa kodi, na nyingine zikatolewa nje na vyombo vyao vikawekwa barabarani.

Hapo ndipo nyumba za wasomi zilipolazimika kusikiliza. Lillian Wald, na Mary Simkhovitch wa nyumba nyingine ya namna hiyo, Greenwich House, walitoa rai kwamba kodi isizidi sehemu 30 katika 100 ya pato la jamaa. Ilikuwa rai tu, na hakuna aliyeifuata wakati ule. Lakini mtu asomaye habari hizi anahisi kuwa kitu kimegeuka. Waliokuja kufundisha juu ya hewa wamefundishwa juu ya kodi, na aliyewafundisha ni mshonaji. Sheria za kwanza za kuzuia kodi zilipita mwaka 1920, baada ya migomo mingine iliyofuata vita vikuu vya kwanza.

Kuna kisa kimoja kidogo cha ngazi ambacho Eleanor Roosevelt alikuwa akikisimulia katika uzee wake. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa akijitolea kuwafundisha watoto wa Rivington Street mazoezi ya viungo na ngoma. Jioni moja Franklin Roosevelt, jamaa yake na mchumba wake, mwanafunzi wa Harvard, alikuja kumchukua, na kwa kuwa mtoto mmoja alishikwa na maradhi darasani, Franklin akambeba mpaka kwao, akapanda naye ngazi za giza, akamkabidhi kwa wazee wake. Aliporudi barabarani alikuwa amebadilika. Alisema kuwa hakupata kujua ya kuwa binadamu huishi hivyo. Siwezi kudai kuwa ngazi moja huandika sheria. Lakini mwanafunzi yule ndiye aliyekuwa rais mwaka 1935, wakati mji wa New York ulipofungua First Houses, nyumba za kwanza za umma, pembe ya Avenue A na mtaa wa tatu, na Eleanor akahudhuria ufunguzi; na ndiye aliyeitia saini, mwaka 1937, sheria iliyoifanya serikali ya Marekani kugharimia nyumba za watu wa pato dogo. Hewa na kodi zilikuwa zimeingia katika sheria moja.

Majumba ya umma yakafuata kando ya mto wa mashariki, marefu, yenye nafasi na miti baina yao. Mwaka 1949 yalimalizika mawili makubwa: moja likaitwa Jacob Riis Houses, kwa jina la yule mwandishi wa gazeti, mhamiaji kutoka Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 na picha zake ziliwafunua macho matajiri, na la pili likaitwa Lillian Wald Houses. Mtaa nao ulikuwa ukibadilika. Mayahudi na Waitalia walikuwa wakihama, Wachina wakienea kutoka Chinatown, na Wapuertoriko, ambao kwa sheria ni raia wa Marekani lakini kwa makaribisho waliyoyapata walikuwa wageni kama wageni wengine, wakijaa katika majumba ya zamani ambayo wenyewe walikuwa wameacha kuyatengeneza.

Kutoka katika watu hawa walizaliwa wanafunzi wa namna nyingine kabisa. Vijana walioanzisha tawi la New York la Young Lords, chama cha vijana wa Kipuertoriko, katika kiangazi cha 1969 walitoka katika vyuo vya mji na vya jimbo, na wengi walikuwa watoto wa mitaa ile ile waliyoitetea. Walianzia East Harlem, na mwaka uliofuata wakafungua ofisi Lower East Side. Mabinti wa Rivington walitoka nje wakaingia. Hawa hawakuwa na pa kutoka. Kwanza walifagia taka zilizoachwa barabarani na idara ya usafi, kisha, walipoona kuwa zinarundikana tena, wakazitumia kufunga njia kuu mpaka magari yakasimama. Baada ya hapo wakageukia ndani ya nyumba. Rangi ya kuta za zamani ilikuwa na madini ya risasi, na kila kuta zilipovuja maji rangi ilibanduka, watoto wakayala yale maganda, nayo yana utamu. Sumu yake huharibu ubongo. Idara ya afya ilikuwa na vifaa vya kupimia, navyo vilikuwa vimekaa tu. Vijana wakaenda kukaa katika ofisi ya idara hiyo mpaka wakapewa, wakapita navyo mlango kwa mlango wakifuatana na madaktari na wauguzi vijana, wakachukua mikojo ya watoto. Mama asiyemfungulia mkaguzi aliwafungulia hawa, kwa kuwa waliongea lugha yake.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 tufani iliyoitwa Sandy iliusukuma mto wa mashariki juu ya kingo zake. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa kinamasi na maji kabla ya kujazwa kifusi, na bahari ya New York imepanda yapata futi moja tangu mwaka 1900. Maji yalirudi mahali pao pa kale. Yalivuka bustani ya kando ya mto, yakavuka barabara kuu ambayo jina lake ni la Franklin Roosevelt, yakaingia katika vyumba vya chini vya Jacob Riis Houses na Lillian Wald Houses, walimokuwa mabirika ya kupashia joto na mitambo ya umeme. Kiasi cha saa mbili u nusu usiku kituo cha umeme cha mtaa wa 13 kilipasuka kwa mwako wa buluu, na Manhattan ya chini karibu yote ikazimika. Lifti zikasimama. Pampu zikasimama, na maji ya bomba yakakoma kupanda. Katika ghorofa ya 13 palikuwa na bibi mwenye kisukari na dawa inayotaka barafu, na mzee wa Kichina asiyejua Kiingereza, na mama mwenye mtoto wa siku chache.

Chama cha wapangaji kiitwacho Good Old Lower East Side, kilichoanzishwa mwaka 1977 kupinga watu kufukuzwa majumbani, kilikusanya vijana wa kujitolea, wanafunzi miongoni mwao, wakapanda ngazi zile kwa mwanga wa kurunzi, wakibeba maji, wakigonga mlango kwa mlango na kuandika katika daftari: nani yumo, ana miaka mingapi, anahitaji dawa gani. Umeme ulirudi baada ya siku chache. Joto na maji ya moto vilikawia zaidi katika majumba mengi, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia. Baadaye mji ukaanza kazi ya kuinua bustani ya mto kwa futi nane mpaka tisa iwe boma dhidi ya bahari, kwa gharama ya dola zipatazo bilioni 1.45, na mwezi wa Desemba 2021 miti ya bustani ikakatwa huku wapangaji wenyewe wakigawanyika, hawa wakilia miti na hawa wakisema heri boma.

Lakini hata kabla ya boma hilo kuanza, wapangaji wa nyumba za umma walikuwa wamekwisha kuuliza swali ambalo wasichana wa 1907 wangelitambua mara moja: kwa nini watozwe kodi kamili kwa siku walizolala gizani bila ya maji wala joto? Walilisema mikutanoni, wakalisema mbele ya waandishi wa magazeti, mpaka mamlaka ya nyumba ikakubali. Na katika hesabu ya kodi ya mwezi wa Januari 2013, jamaa zilizokatikiwa na huduma zile zikaona, chini ya jumla ya deni, punguzo la siku zile za giza.